Timu Iliyotwaa Ubingwa Mara Nne Kisha Ikavunjwa

Ndugu msikilizaji, sisi wa Njombe na Makambako hatuhitaji kufundishwa kwamba timu hupanda na timu hushuka. Mwaka 2017 Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu ya soka, na vigogo wa Dar es Salaam wakalazimika kuvaa makoti kuja kucheza mechi za ligi katika uwanja wa Sabasaba. Msimu mmoja tu ukapita. Mwaka 2018 timu ile ikashuka, pamoja na jirani zetu Majimaji wa Songea. Tangu hapo wapenzi wa michezo wamekuwa wakijiuliza: tulikosa nini? Wako wanaosema tulikosa wachezaji, wako wanaomlaumu kocha, na wako wanaosema kwamba lau tungeshinda mechi mbili tatu zaidi, mambo yote yangekuwa sawa.

Juma hili nataka tulitazame swali hilo kwa kupita njia ya mbali kidogo. Tutazungumzia timu ya wanawake ya mpira wa kikapu iliyoitwa Houston Comets, ya mji wa Houston katika jimbo la Texas, Marekani. Timu hiyo haikukosa wachezaji, haikukosa kocha, na ushindi ndiyo kabisa haikuukosa. Ilitwaa ubingwa wa ligi yake mara nne mfululizo, mwaka 1997, 1998, 1999 na 2000. Na bado, mwezi Desemba mwaka 2008, ilivunjwa na wachezaji wake wakagawiwa timu nyingine. Ikiwa timu ya namna hiyo inaweza kufa, basi hapana budi tukubali kwamba kushinda peke yake si dawa.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, Marekani, kwa kutundika vikapu vya kuvunia matunda ukutani. Haukupita hata mwaka mmoja, mwalimu wa kike aitwaye Senda Berenson akauingiza katika chuo cha wanawake cha Smith, mwaka 1892. Mchezo huo wa wanawake ulipovuka bahari kwenda Uingereza ukabadilishwa: ubao ukaondolewa, kudunda mpira huku unakimbia kukakatazwa, ikabaki pete juu ya mlingoti. Huo ndio mpira wa pete, ambao Waingereza waliusambaza katika shule za makoloni yao na ambao binti zetu wanaucheza hadi leo. Kwa hiyo msichana wa sekondari ya Makambako anayecheza pete, na mwanamke wa Houston anayecheza kikapu, wanacheza michezo ya ukoo mmoja.

Tofauti kubwa ilikuja baadaye, nayo ilitoka shuleni. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa wasichana katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mpira, lakini iligusa michezo pia. Vyuo vikaanza kuwalipia wasichana masomo kwa sababu ya vipaji vyao, kuwaajiria makocha na kuwajengea ratiba za mashindano. Baada ya miaka michache wakawepo maelfu ya wanawake walioujua mchezo kikweli.

Lakini walipomaliza chuo walikwenda wapi? Hapo ndipo palikuwa na ukuta. Mwaka 1978 ilianzishwa ligi ya kulipwa ya wanawake, na bingwa wa kwanza, mwaka 1979, alikuwa timu ya Houston Angels. Zingatia, ndugu msikilizaji: ni mji ule ule wa Houston. Mwaka uliofuata mabingwa hao wakavunjika, na mwaka 1981 ligi nzima ikafa kwa kukosa fedha. Aliyetaka kuishi kwa kikapu akalazimika kufungasha mizigo. Mmoja wao alikuwa Cynthia Cooper, binti aliyekulia katika mtaa wa Watts mjini Los Angeles. Alitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1983 na 1984, akapata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988, kisha ujana wake karibu wote akautumia Hispania na Italia, kwa sababu nyumbani kwao kazi hiyo haikuwepo.

Mwezi Aprili 1996 wamiliki wa timu za wanaume za NBA walikubaliana kuanzisha ligi ya wanawake, WNBA. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Msimu wa wanaume huisha mwezi Juni, na baada ya hapo kumbi zao kubwa hukaa bila mchezo na wafanyakazi wao hukosa la kufanya. Ligi ya wanawake ya wakati wa kiangazi ingejaza pengo hilo, na televisheni zingepata cha kuonyesha. Ligi ilianza tarehe 21 Juni 1997 ikiwa na timu nane: Charlotte, Cleveland, Houston, New York, Los Angeles, Phoenix, Sacramento na Utah. Kila timu ilikaa chini ya mbawa za timu ya wanaume ya mji wake.

Houston ni mji wa safari za anga za juu, na timu yao ya wanaume huitwa Rockets, yaani maroketi. Ndiyo timu ile ambayo Mtanzania wetu Hasheem Thabeet aliwahi kuichezea mwaka 2011. Wanawake wakapewa jina la Comets, yaani nyota zenye mkia. Mmiliki alikuwa yule yule, Leslie Alexander, na ukumbi ule ule, The Summit. Kocha aliletwa kutoka Chuo Kikuu cha Mississippi, mzee Van Chancellor.

Wachezaji watatu ndio waliokuwa nguzo. Wa kwanza, Sheryl Swoopes, mzaliwa wa Texas yenyewe, ambaye mwaka 1993 alifunga pointi 47 katika fainali ya vyuo na ndiye mchezaji wa kwanza kutia saini na ligi hiyo. Ligi ilipoanza alikuwa mjamzito. Alijifungua mtoto wa kiume mwezi Juni 1997, na baada ya wiki kama sita alikuwa uwanjani. Wa pili, Tina Thompson, aliyechaguliwa nambari moja katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa mwaka huo. Wa tatu ni Cynthia Cooper, aliyerudi kutoka Italia akiwa na umri wa miaka 34. Wengi walidhani amekuja kumalizia maisha yake ya mpira. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 1997 na 1998, na mchezaji bora wa fainali zote nne.

Tarehe 30 Agosti 1997 Comets waliifunga New York Liberty 65 kwa 51 katika fainali ya mchezo mmoja. Mwaka 1998 walicheza michezo 30 ya ligi wakashinda 27 na kupoteza mitatu tu, kiwango cha ushindi ambacho hakuna timu ya ligi hiyo iliyokifikia katika miaka iliyofuata. Watu wakamiminika ukumbini, wastani wa zaidi ya 12,000 kwa kila mchezo mwaka huo.

Kisha ukaja mwaka 1999, mwaka wa furaha na msiba. Mpanga mchezo wao, Kim Perrot, alikuwa mfupi kuliko wenzake wengi, na hakuna timu iliyomchagua alipotafuta nafasi. Aliingia kwa kujaribiwa na akashinda kwa bidii. Februari 1999 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Alifariki tarehe 19 Agosti, akiwa na umri wa miaka 32. Wenzake waliingia fainali wiki chache baadaye, tena dhidi ya New York. Katika mchezo wa pili, Teresa Weatherspoon wa New York alirusha mpira kutoka nusu ya uwanja wakati saa inakwisha, ukatumbukia, na Houston ikapoteza 67 kwa 68 mbele ya watu wake. Siku iliyofuata, tarehe 5 Septemba, Comets walishinda 59 kwa 47 wakatwaa ubingwa wa tatu. Ukumbi mzima ulikuwa ukimlilia marehemu kwa kutaja namba yake ya jezi, 10. Hadi leo tuzo ya nidhamu na uungwana ya ligi hiyo hubeba jina lake.

Mwaka 2000 wakatwaa kombe la nne, na aliyefungwa ni New York tena. Baada ya hapo Cooper akastaafu. Swoopes aliendelea kung'ara, akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, 2000, 2002 na 2005, lakini makombe hayakurudi. Hilo si la ajabu. Hakuna bingwa wa milele. La ajabu ni kwamba timu yenye sifa kubwa kuliko zote haikuweza hata kuishi miaka 10 mingine.

Tuangalie basi nini kilitokea. Hadi mwaka 2002 timu zote zilikuwa mali ya wamiliki wa NBA kwa pamoja, na hasara ilibebwa kwa pamoja. Baada ya msimu wa 2002 utaratibu ukabadilishwa: kila timu ikawa ya mwenyewe, na iliruhusiwa kuuzwa hata kwa mtu asiye na timu ya wanaume. Kwa maneno mengine, kila mbuzi akafungwa kwenye kigingi chake. Timu kadhaa zikatoweka mapema: Portland na Miami mwaka 2002, Cleveland mwaka 2003, na Charlotte mwanzoni mwa 2007.

Katika Houston, Leslie Alexander naye alichoka. Mwezi Januari 2007 timu ikauzwa kwa mfanyabiashara wa samani wa mji huo, Hilton Koch, kwa dola milioni 10. Kocha Chancellor alikwisha kuondoka mwezi huo huo. Mmiliki mpya hakuwa na ukumbi wake, alikuwa mpangaji. Mwaka 2008 akaiondoa timu katika ukumbi mkubwa wa Toyota Center akaipeleka katika ukumbi mdogo na wa zamani, Reliant Arena. Swoopes alikwisha kwenda Seattle. Kabla ya mwaka kwisha Koch mwenyewe akatangaza kuuza, na hapo ndipo mtikisiko wa uchumi wa 2008 ulipoikumba Marekani. Mnunuzi hakutokea.

Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Septemba 2008 kimbunga Ike kiliipiga Houston, na mchezo wa mwisho wa nyumbani ukachezwa katika mji mwingine kabisa, San Marcos. Katika kikosi hicho cha mwisho alikuwemo Mwafrika mwenzetu, Mwadi Mabika wa Kinshasa, aliyeichezea Zaire katika Olimpiki ya 1996 na kutwaa ubingwa akiwa na Los Angeles mwaka 2002. Desemba ligi ikaivunja timu, na wachezaji wakagawanywa. Ukumbi wa The Summit, walikotwaa makombe yao, ulikwisha kugeuzwa kanisa tangu mwaka 2005.

Sasa, ndugu msikilizaji, mlinganishe bingwa huyo na mtu aliyekuwa akifungwa naye kila mara. New York Liberty walipoteza fainali kwa Houston mwaka 1997, 1999 na 2000. Wakapoteza na nyingine baadaye. Mwaka 2018 mmiliki wao aliwaondoa kabisa jijini akawapeleka katika ukumbi mdogo wa kitongoji cha White Plains, na wengi waliona kwamba nao wanaelekea kule kule walikokwenda Comets. Lakini Januari 2019 wakanunuliwa na Joseph Tsai, tajiri aliyekuja kumiliki pia timu ya wanaume ya Brooklyn na ukumbi wake. Akawarudisha katika ukumbi mkubwa. Mwaka 2021 aliwakodia wachezaji ndege kinyume cha kanuni za ligi, akatozwa faini ya dola 500,000. Oktoba 2024, baada ya miaka 27 ya kusubiri, Liberty wakatwaa ubingwa wao wa kwanza.

Aliyeshinda mapema alikufa. Aliyeshindwa akavumilia, akapata mwenye mali na mahali pa kuchezea, akafika. Mwaka huo huo wa 2024 ligi ilitia saini mkataba wa televisheni wa miaka 11, kuanzia 2026, wenye thamani ya dola bilioni 2.2. Fedha ambazo Houston ilizihitaji mwaka 2008 zilikuja baada ya marehemu kuzikwa.

Turudi nyumbani. Kwetu timu nyingi za michezo zililelewa na mashirika ya umma. Wazee wa soka wanaikumbuka Reli ya Morogoro na Bandari ya Mtwara. Mchezaji aliajiriwa kazini, akalipwa mshahara, na jioni akafanya mazoezi. Ulikuwa utaratibu mzuri maadamu shirika lilikuwa hai. Mashirika yalipobinafsishwa au kufilisika, timu nyingi zilikwenda nayo. Ni jambo lile lile la Houston kwa sura nyingine: timu inayoishi ndani ya nyumba ya mtu mwingine hulala nje siku mwenye nyumba anapobadili nia.

Hata hivyo utaratibu huo haujafa wote. Katika soka la wanawake, JKT Queens wametwaa ubingwa wa Tanzania mara kadhaa, kwa kuwa nyuma yao liko jeshi lenye kambi, viwanja na ajira. Simba Queens nao, wakitegemea jina la klabu kubwa, walifika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika mwaka 2022 huko Morocco. Jirani zetu wa Kenya, ambao timu yao ya taifa ya kikapu ya wanawake ilicheza mashindano ya dunia Australia mwaka 1994, wana timu za wanawake za Mamlaka ya Bandari kule Mombasa na ya benki ya Equity. Kote huko utaona kitu kimoja: nyuma ya mwanamke anayerusha mpira iko taasisi ambayo haitaondoka kesho asubuhi.

Na sisi wa mkoa huu je? Vipaji tunavyo. Kila mwaka wasichana wetu wa msingi wanakwenda UMITASHUMTA, na wa sekondari wanakwenda UMISSETA. Wanavaa sare za mkoa, wanasafiri, wengine wanarudi na vikombe. Lakini chukua binti wa miaka 17, mfungaji hodari wa pete au kikapu, anayemaliza kidato cha nne hapa Njombe. Mwaka unaofuata atachezea wapi? Mara nyingi jibu ni hakuna. Jezi inarudishwa stoo ya shule, na binti anarudi shambani au dukani, na miaka yote ya kumfundisha inaishia hapo. Ukuta aliokumbana nao Cynthia Cooper miaka ya themanini ndio huo anaokumbana nao yeye, ila huyu hana hata nauli ya kwenda Italia.

Sisemi tuanzishe WNBA pale njia panda ya Makambako. Nasema tusianze na kombe. Kabla ya kuuliza timu itashinda nini, tuulize mambo manne. Mwenye timu ni nani, na akichoka nani anaipokea? Uwanja ni wa nani, na timu ina haki gani juu yake? Ratiba ya mechi iko ya mwaka mzima, au ni bonanza la sikukuu moja? Na mchezaji analipwa nini, kwa maandishi gani, hata kama ni nauli na chakula tu?

Mkoa huu una chai, una mbao, una viazi na parachichi. Makambako ina reli ya TAZARA na barabara mbili kubwa zinazokutana, na malori yanayolala hapo kila usiku. Fedha haziko mbali hivyo. Halmashauri ikitenga kiwanja kimoja cha saruji chenye pete na vikapu, na kukiandika kuwa cha michezo ili kisiuzwe. Kampuni tatu nne zikachanga kwa mkataba wa miaka mitano badala ya mmoja kuchangia kwa mbwembwe za msimu mmoja. Na shule zikawa na mahali pa kuwapeleka wahitimu wao, tutakuwa tumejenga kitu ambacho kuondoka kwa mtu mmoja hakutakibomoa. Comets walimtegemea mtu mmoja, kisha mwingine mmoja, kisha pakawa hakuna.

Wachezaji wenyewe hawakusahauliwa. Cooper, Swoopes na Thompson wote wameingizwa katika jumba la heshima la mpira wa kikapu lililopewa jina la Naismith, mwaka 2010, 2016 na 2018. Majina yao yako salama. Ila msichana wa Houston aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 2008, akitamani kuwa kama wao, alikua bila timu ya kwao ya kuitazama. Hasara ya namna hiyo haionekani katika hesabu za mwaka, nasi huku tumekwisha kuizoea kiasi kwamba hatuihesabu tena. Ingefaa tuanze kuihesabu.

Kwa juma hili tuishie hapo.